Mke Mwenzangu wa Mnarani

Mnarani, 6 Februari

Kwa Bibi, mjane wa mtunza taa,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni mwongoza wageni katika mnara wa taa ulio kwenye jiwe kule baharini, ulikoishi wewe na marehemu mume wako. Anwani yako nimepewa na fundi wa boti. Anasema yeye na mwanao dereva wa lori walikua pamoja.

Siku hizi watu wanakuja kuutembelea mnara. Boti inawaleta asubuhi, wanapanda ngazi, wanapiga picha, wanarudi wakitapika. Mimi nawaeleza urefu wa mnara, mwaka uliojengwa, na meli zilizovunjika hapa kabla haujawepo. Nikimaliza, lazima mmoja aulize: watu waliishije hapa? Nabaki kukuna kichwa.

Sasa ofisi inataka kuifungua ile nyumba yenu iliyo chini ya mnara, wageni waingie na kuiona. Na kabla bahari haijachafuka, mitambo ya zamani kule juu itashushwa na kupelekwa ghalani nchi kavu, halafu itafungwa taa ndogo ya umeme wa jua. Naona historia inabebwa kabla sijaijua. Nakuomba, Bibi, uniambie mlivyoishi. Chochote utakachokumbuka kitanifaa.

Wako mtiifu,
Mwongoza wageni


Jumapili. Tarehe muulize anayeandika. (Ni 15 Februari.)

Mjukuu wangu wa mnarani,

Marahaba. Barua yako nimesomewa mara mbili. Ya pili nilijifanya sikusikia vizuri, ili tu isomwe tena. Mimi kalamu sijaishika tangu nizaliwe. Anayeniandikia ni mkamwana wangu, mke wa huyo dereva, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengeneze. Mwandiko anao, ila chumvi kwenye mboga ndiyo inamshinda. Andika na hilo, mwanangu. (Nimeandika. Mwandishi.)

Mimi niko salama, magoti ndiyo hayaniamkii. Haya, unataka kujua tuliishije. Tuliishi kwa chumvi. Shuka ukilianika linakauka linasimama lenyewe kama mlango. Na mlango wa upande wa bahari usiufungue, mjukuu wangu, upepo ukishauingia huo utaufunga na nani? Sisi tuliuwekea kabati. Maji ya mvua tuliyakinga kwenye tangi, na mke wa msaidizi wa mume wangu, mama mmoja mnene, mcheshi, alikuwa anayapima kwa macho kama anapima mchumba. Nilikuwa nasema nini? Ee, tuliishije.

Jambo kubwa la pale, ambalo huyo fundi wa boti hawezi kukuambia, ni kwamba mume wangu alikuwa na sisi wawili. Mimi chini, mke mwenzangu juu. Tena mwenzangu ndiye mkubwa, mimi nilimkuta. Jua likizama tu, mume huyo, anapanda kwake. Asubuhi anateremka macho mekundu, anataka chai kwangu. Yaani mapenzi kule, njaa huku. Kumwogesha alikuwa anamwogesha mwenyewe, kwa siki na kitambaa laini, anamfuta huku akimwimbia. Mimi hata leso hajawahi kunifulia. Mwanzoni nililia, nikafunga nguo zangu, nikakaa juu ya mzigo nikingoja boti. Boti ikachelewa, nikapika, yakaisha.

Lakini mrembo, jamani, siwezi kusema uongo. Anang'aa kama kioo. Watoto walimwita mama mkubwa. Basi nami nikazoea, tukaelewana, na mume akisafiri mimi ndiye ninayemtunza.

Nipe habari zake. Na mimi natamani nifike niwasalimu wote, lakini mwanangu anasema kwa magoti haya nitapandishwa botini kwa winchi.

Mimi bibi yako, wa chini


Mnarani, 24 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa jikoni kwako, na kabati bado limeuziba mlango wa bahari. Nilikuwa nimepanga kuliondoa kesho. Sasa hata kulisogeza sithubutu. Usiku nakaa hapa peke yangu, mimi na samaki wangu wa makopo.

Habari za mke mwenzako zimenishangaza. Ofisini hakuna anayemjua. Nimemuuliza fundi wa boti, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Yule mama mkubwa, bwana, usimtazame machoni." Kisha akaendelea na injini yake. Nimeona nisimdodose mtu juu ya mambo ya ndani ya nyumba za wenyewe.

Naomba unisamehe kama nauliza vibaya. Alikuwa mgonjwa, hata ikabidi aogeshwe? Na ninyi mlipohama hapa, mwenzako alikwenda wapi?

Mjukuu wako,
Mwongoza wageni


3 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba, na maswali yako hayo. Mgonjwa wapi? Yule hajaugua hata siku moja, wagonjwa tulikuwa sisi. Tena unaniuliza alikwenda wapi, kana kwamba yule ni mtu wa kwenda. Mume wangu alipostaafu, tulifungasha kila kitu, mpaka misumari ya ukutani niling'oa, lakini yeye tulimwacha palepale. Hakuweza kuja nasi. Asubuhi ile ya kuondoka nilipanda ngazi, nikamfunika kwa mikono yangu mwenyewe, vizuri, mpaka chini. Mume wangu alishindwa. Alisimama mlangoni akatazama bahari kama vile hajawahi kuiona.

Alipokaribia kufa alimtaja yeye kwanza. Aliuliza, "Wamemfunika?" Mimi nimekaa hapo namshika mkono. Nikamwambia amefunikwa, lala. Nilikasirika kidogo, sitakuficha, halafu nikacheka, naye akacheka.

Mkamwana leo ananiandikia kimya kimya, hata nikimtania la chumvi hajibu. Sijui ana nini. Mume wake ameenda safari ndefu, labda ndiyo hiyo. Na wewe usile samaki wa makopo kila siku. Umesema unakaa peke yako huko, nani anakupikia?

Bibi yako


Mnarani, 14 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinitoa machozi. Wake wenza wengi wasingefunikana hivyo.

Nimelizunguka jiwe lote nikitafuta mahali alipolazwa, sikupaona. Nadhani mawimbi yamefuta alama. Kwa hiyo nimefanya niliyoyaweza. Kile chumba kidogo pembeni ya jiko nimekipaka chokaa, nikaweka kitanda, kiti, kitana na shuka jeupe. Mlangoni nimepigilia kibao nilichokichonga mwenyewe: CHUMBA CHA MKE MWENZA. Nyumba tumeifungua wiki iliyopita, na wageni wakifika hapo wananyamaza. Mama mmoja alitoka analia, na njia nzima ya kurudi hakumsemesha mumewe.

Natumaini nimemheshimu ipasavyo.

Mjukuu wako


20 Machi

Wewe mtoto wewe,

Nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Kitanda? Amelala lini yule, siku zote amesimama. Na kitana atachana nini?

Mjukuu wangu, mke mwenzangu ni taa. Ile taa yenyewe. Lile likioo kubwa la duara kule juu, lenye vipande vipande kama magamba, kimo chake kama mtu aliyechuchumaa. Unampita kila siku. Sisi ndivyo tulivyomwita, na nikadhani kila anayekaa mnarani anajua, kama unavyojua mlango ni mlango. Siki ni ya kumtoa chumvi. Kumfunika ni lazima, kila asubuhi, pazia pande zote, maana jua likipita machoni mwake linatoka moto. Siku moja nilichelewa, likatoboa koti la mume wangu lililotundikwa ukutani, tundu zuri la duara, akalivaa hivyo hivyo na kusema ni dirisha. Fundi wa boti anajua fika, anakuchezea. Nikimpata.

Sasa huyu mkamwana ameacha kuandika. Nimemwambia endelea, hakuendelea. Ameshika kalamu hewani ananitazama, macho yamemtoka. Akaniuliza, "Mama, kwa hiyo hakuwa mtu?"

Nikamwambia, "Mtu gani, wewe? Miaka yote hii uko kwangu, hukujua?"

Hakujua. Alikuja akasikia mke mwenzangu, akamsikia na mumewe anamtaja mama mkubwa, akanyamaza. Kwa adabu. Hakuuliza baba mkwe alikuwa na wake wangapi. Nimempa chai iliyobaki.

Mama mliyemliza mwandikie. Mwambie amsamehe mumewe.

Bibi yako, mke pekee

(Kaka, hapa ni mimi mwandishi, mama amelala. Tangu nimeolewa, mume wangu akichelewa barabarani nilikuwa nasema moyoni, ndiyo damu ya baba yake, ipo siku ataniletea mwenzangu mlangoni. Sikuwahi kumwambia mtu. Jana amerudi na matope mpaka magotini, nikampikia mara mbili. Anauliza kuna nini. Nimemwambia kula.)


Mnarani, 27 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu kwenye ngazi, mnara mzima ukacheka nami. Fundi wa boti nimemnunia, lakini ndiye mwenye boti, sina ujanja.

Halafu kicheko kikaniishia, na nina jambo la kukueleza. Nilikuandikia mwanzoni kwamba mitambo ya zamani itashushwa ipelekwe ghalani. Sikujua nilikuwa nakuandikia habari za nani. Ni yeye, Bibi. Mafundi watafika mwezi ujao. Watamfungua kipande kipande na kumtia kwenye masanduku. Niliposhika kazi hii nilimkuta hana pazia, juu yake kuna turubai tu. Nimelitoa nikamtazama kwa mara ya kwanza vizuri. Nilijiona humo ndani, kichwa chini.

Nisamehe.

Mjukuu wako


2 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sikukasirikia wewe. Siku nzima nilikataa chai, mpaka mwanangu akataka kuniitia daktari.

Sikiliza nikuambie kitu, uwasomee hao wakubwa wako. Mke mwenzangu alikuwa anazungushwa na uzito ulioning'inia kwa mnyororo, kama saa ya ukutani. Unauvuta juu, ukishuka unamzungusha. Na ni lazima azunguke kwa mwendo wake uleule, maana meli zinamjua kwa mwendo. Basi jioni moja mnyororo ukakatika. Na jioni hiyo hiyo huyu dereva wangu akaamua kuzaliwa. Msaidizi alikuwa ameenda na boti kumfuata mkunga, bahari ikamfungia huko. Nyumbani nina mke wa msaidizi tu, yule mcheshi, naye siku hiyo ucheshi umemkimbia.

Mume wangu angefanya nini? Alipanda. Akamzungusha kwa mkono, anamsukuma na kutembea, anamsukuma na kutembea. Mlango wa ngazi aliuacha wazi anisikie. Nje manyunyu, na mwanga ukipita kwenye manyunyu chumba changu kinang'aa, kisha giza, kisha kinang'aa. Mimi niko kitandani namtazama yule mwanamke anavyopita. Nikipiga kelele, mwanga unakimbia. Nikinyamaza, unatulia. Nikipiga tena, unakimbia tena, mbio kweli kweli, nikajua mume wangu huko juu roho iko mkononi. Hawezi kushuka kunishika, kwa hiyo ananishika kwa yule. Wivu wangu wote uliishia hapo. Alikuwa mjumbe wetu.

Baadaye ofisi ilimleta mkaguzi. Meli zimelalamika taa ilikuwa inakwenda kama mlevi. Mume wangu akamwonyesha mtoto.

Sasa mwataka kumtia sandukuni. Huko ghalani atafunikwa na nani? Nani atamwogesha? Nataka nimwone kabla hajaondoka. Mwanangu amekataa. Anasema boti labda, lakini zile ngazi hapana, nitabaki katikati kama ndoo iliyokatika kamba. Na ni kweli, ngazi siziwezi. Lakini nisipomwona sasa, mjukuu wangu, sitamwona tena.

Bibi yako


Mnarani, 16 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea mkubwa wa ofisi mwenyewe, alipokuja kukagua nyumba. Nilimsomea akiwa amekaa kwenye kile kitanda.

Ngazi usiziwaze. Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, bahari ikiwa shwari. Umlete dereva, na mwandishi wako asikose. Siki nimenunua.

Mjukuu wako


5 Mei

Mjukuu wangu, mla samaki wa makopo,

Tumerudi salama. Mwanangu alitapika njia nzima, dereva wa lori mzima, aliyezaliwa juu ya jiwe. Mimi wala. Na yule fundi wa boti umeona nilivyomvuta sikio. Kainamisha mvi zake hapo kama mtoto, akaniomba msamaha.

Nataka nikuambie nilivyoona, usije ukadhani sikufurahi. Nilipoingia jikoni nikaona kabati langu pale pale mlangoni. Nikatazama ule mlango wa ngazi, nikasema moyoni, haya, amenidanganya huyu mtoto, nitapandaje. Na wewe umenishika kiwiko unanivuta huku, kwenye chumba kidogo. Kibao nikasomewa. Nikataka kukugombeza, nikidhani bado una kile kitanda chako.

Kitanda hakipo. Yupo yeye.

Amekaa katikati ya chumba, mzima, vipande vyake vyote, kwenye gurudumu lake. Siku zote mimi ndiye ninayempandia. Kumbe uzeeni akateremka yeye kunifuata chini. Umesema mkubwa wako alisema ghalani hakuna kibao chenye jina lake, hapa kipo, basi akae hapa. Mpe salamu zangu huyo mkubwa, mwambie ana akili japo ni wa ofisini. Hiyo taa yenu ndogo ya juu mimi sina ugomvi nayo. Itazame meli. Huyu ametazama vya kutosha.

Nilimwogesha. Mkono umesahau mengi lakini hilo haujasahau, unaanzia juu unashuka na magamba. Nikajiona humo, vibibi vingi vingi, vyote kichwa chini, vyote vimeshika kitambaa. Mkamwana akamtundikia pazia alilolishona, kitambaa kizito, pindo zuri. Huyu binti chumvi haijui lakini sindano, mjukuu wangu, acha kabisa. (Nimeandika, tena kwa herufi kubwa kidogo. Mwandishi.)

Halafu wewe ukamwambia mwanangu amzungushe. Alikuwa bado uso umempauka kwa bahari. Akaweka mkono, akasukuma, akatembea. Ulisogeza pazia, ukafungua dirisha kidogo, ukasema jua la saa ile ni dogo haliumizi, na rangi zikaanza kupita ukutani, nyekundu, buluu, zinapita usoni kwa mke wake, zinapita kwangu, zinazunguka. Mwanangu anatembea kama baba yake, bega moja mbele. Hajawahi kumwona baba yake akifanya vile, alikuwa anazaliwa. Nikakohoa, makusudi. Akaongeza mwendo, akanigeukia, akasema, "Mama, uko sawa?"

Nikamwambia polepole, baba, niko hapa.

Kibao usikitoe. Wageni wakiuliza, waambie yote, na la koti waambie. Asubuhi mfunike kabla hujanywa chai, si baada. Jioni mfunulie kidogo apate hewa. Na mke wa kweli nawe utafute, usije ukaanza kumwimbia wangu.

Mpe salamu zangu kila siku. Mwambie yule aliyekuwa akitugombanisha ametangulia, sasa tumebaki sisi kwa sisi.

Bibi yako, wa chini